Kemikali ikiingia jichoni kazini: maji kwanza, bodaboda baadaye

Kila ninapoalikwa mahali pa kazi kufundisha huduma ya kwanza, swali langu la kwanza huwa ni hili: maji yako wapi? Siulizi maji ya kunywa. Nauliza maji ambayo mtu aliyerukiwa na kemikali machoni anaweza kuyafikia sasa hivi, akiwa haoni, bila kutafuta ufunguo wa stoo wala kumpigia bosi simu.

Majibu ninayoyapata hapa Pwani yanafanana. Kwenye mjengo naambiwa maji yapo kwenye pipa, na nikilifunua nakuta ni yaleyale ya kuoshea miko na karai. Kwenye gereji naonyeshwa mfereji ulio nyuma ya nyumba, nao una siku mbili haujatoa tone. Kwenye saluni upo mtungi mmoja wa lita 20 uliobaki robo, na wateja watatu wanasubiri kuoshwa nywele. Kisha mtu huniambia, "Mwalimu, hapa hatujawahi kupata ajali ya macho." Alhamdulillahi, ila siku itakapotokea hakutakuwa na muda wa kumtafuta muuza maji na mkokoteni wake.

Mtu akikatwa na msumeno mkononi, mfunge kitambaa, mkandamize jeraha, mkimbize hospitali. Kemikali jichoni haiendi hivyo. Sehemu kubwa ya matibabu yake hufanyika palepale mtu alipoumia, katika dakika za mwanzo, na dawa yake ni maji mengi. Ukimpeleka bila kumwosha, umembeba pamoja na kile kinachomuunguza, nacho kitaendelea na kazi yake njia nzima.

Si viwandani peke yake

Tukisikia neno kemikali, wengi wetu tunafikiria viwanda vikubwa vyenye mabomba na moshi. Lakini tazama kazi za mtaani kwetu. Fundi wa nyumba anakoroga simiti na chokaa. Fundi wa magari anashika betri, na maji ya betri ni asidi kali. Mama anayetengeneza sabuni ya maji nyumbani anayeyusha kostiki soda kwenye ndoo. Msusi anapaka dawa ya kulainisha nywele, ambayo nyingi zake zina kemikali ya jamii hiyohiyo ya kostiki au chokaa. Mfanyakazi wa hoteli kule Diani, Nyali au Watamu anapima klorini ya bwawa la kuogelea. Anayeosha vyoo anamimina asidi. Kijana wa kiwanda cha barafu ya samaki anafanya kazi karibu na mitambo ambayo mingi hupozwa kwa amonia. Mkulima anabeba bomba la dawa mgongoni na upepo wa kaskazi unamrudishia usoni.

Hata muuza tambuu anakaa na kopo la chokaa mezani siku nzima. Kule India, ambako tambuu huliwa sana, madaktari wameandika mara nyingi kuhusu watoto waliominya vifuko vya chokaa hiyo hadi vikapasuka na kuwarukia machoni. Kwa hivyo anayekwenda nayo nyumbani aiweke mbali na watoto.

Asidi na jamii ya chokaa

Kemikali hizi zina makundi mawili makubwa, na inafaa tuyajue kwa sababu moja ni mjanja kuliko lingine.

Kundi la kwanza ni asidi, kama maji ya betri na dawa za kusugulia vyoo. Asidi ikigusa jicho, hugandisha protini za juu, mfano wa ute wa yai unapoingia kwenye kikaango. Jicho linaumia, na linaweza kuumia vibaya sana, lakini ule utando ulioganda mara nyingi huzuia asidi isipenye ndani zaidi.

Kundi la pili ni alkali, yaani jamii ya chokaa, simiti mbichi, kostiki soda, amonia na dawa nyingi za kulainisha nywele. Hizi hazigandishi kitu cha kuzizuia. Zinayeyusha mafuta yaliyo kwenye kuta za chembe za jicho na kuyageuza kuwa sabuni. Anayepika sabuni anaielewa kazi hii kuliko mtu yeyote, maana ndiyo anayoifanya kwenye ndoo yake kila wiki: mafuta na kostiki. Zikishafungua njia, zinaendelea kuzama ndani ya jicho. Amonia na kostiki huweza kufika ndani ya jicho kwa dakika chache tu.

Kuna jambo lingine linalowadanganya watu. Tumezoea kudhani kwamba jicho jekundu ndilo lililoumia sana, na likiwa jeupe basi limepona. Baada ya kuungua na kemikali, hasa alkali, jicho lililobaki jeupe kama karatasi linaweza kuwa na hali mbaya kuliko lililo jekundu, kwa sababu mishipa ya damu iliyo ukingoni mwa mboni imekufa. Maumivu nayo yanaweza kupungua kwa sababu neva zimeungua. Kwa hivyo mtu akikwambia, "Siumwi tena, niacheni niendelee na kazi," usimsikilize.

"Msimtie maji, chokaa itachemka"

Kijana mmoja aliyekuwa mtu wa mkono katika ukarabati wa nyumba ya kale, Mji wa Kale hapa Mombasa, alinisimulia yaliyompata. Nyumba zile za mawe ya matumbawe hupigwa lipu ya chokaa, na siku hiyo alikuwa akimwaga chokaa kutoka kwenye gunia. Upepo ukavuma, vumbi na vipande vidogo vikamwingia jicho la kushoto. Mwenzake alikimbilia ndoo ya maji akauliza, "Mzee, tumwoshe?" Fundi wao, mtu mzima aliyeheshimika na aliyekuwa na nia njema kabisa, akajibu, "Msimtie maji, mwanangu. Chokaa ikikutana na maji huchemka. Mpelekeni hospitali upesi."

Wakamkalisha kwenye bodaboda, kitambaa kimebanwa jichoni. Foleni ya magari, kisha foleni ya dirishani, kisha maswali ya kadi. Kwa hesabu yake ilipita karibu saa nzima kabla ya muuguzi kumlaza na kuanza kumwosha. Maji yalikuwa hatua tatu kutoka pale alipoumia. Leo jicho lile lina kovu jeupe. Anaona mwangaza na kivuli cha mtu, basi.

Siwezi kumcheka yule fundi, kwa sababu alichokisema kina asili ya ukweli. Chokaa iliyochomwa ambayo bado haijazimwa huchemka ikitiwa maji. Kila aliyewahi kuzima chokaa ameona mvuke wake. Lakini jicho halijawahi kuwa kavu. Machozi yalikwisha kuilowesha chokaa ile kabla mtu hajafungua mdomo, na moto umeshaanza. Maji kidogo huwasha ule moto na kuuacha palepale. Maji mengi yanayotiririka huuzima na kuiondoa chokaa yenyewe. Cha kufanya ni kupangusa haraka unga mkavu ulio usoni na kwenye kope, ukielekea nje mbali na jicho, kisha kumwagia maji mengi bila kusita. Kupangusa kuchukue sekunde chache, kusiwe sababu ya kuchelewa.

Namna ya kumwosha

Haya ndiyo ninayofundisha, na hayahitaji cheti. Yeyote aliye karibu anaweza kuyafanya.

1. Mshike mkono umpeleke kwenye maji, au umletee maji. Haoni na ana hofu. Mwambie unachofanya: "Nakumwagia maji, fungua jicho, niko nawe." Mtu mwingine aangalie saa au aweke muda kwenye simu.

2. Anza kuosha mara moja kwa maji safi uliyo nayo karibu: mfereji, mpira wa maji, mtungi, chupa ya maji ya dukani, sinki la saluni. Maji yatiririke kwa upole. Usimpige na mpira wenye presha.

3. Mlaze au mwinamishe kichwa upande, jicho lililoumia liwe chini. Mwaga kuanzia upande wa pua kuelekea sikioni, ili maji machafu yasiingie kwenye jicho zima. Kama yote mawili yameumia, osha yote.

4. Fungua kope kwa vidole. Hili ndilo watu wengi hulishindwa. Jicho linalowaka hujifunga lenyewe, na mwenyewe hawezi kulifungua hata akitaka. Ukimwaga maji juu ya kope zilizofungwa, umemwosha uso. Lazima msaidizi azitenganishe kope na kuzishikilia. Naye anawe mikono kwanza kama ina simiti au dawa, au avae glavu kama zipo karibu.

5. Mwambie atazame juu, chini, kushoto na kulia, na apepese. Vute kope ya juu kidogo maji yaingie chini yake, kwani chembe za chokaa na simiti hupenda kujificha hapo. Kipande kinachoonekana na kilicholegea unaweza kukitoa kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa. Kilichonasa mwachie daktari.

6. Kama amevaa lenzi za jicho, azitoe maji yakiendelea kumwagika. Zikikataa, endelea kuosha.

7. Endelea kwa dakika 20 kwa uchache. Kwa chokaa, simiti, kostiki na amonia, endelea dakika 30 au zaidi, na mkiweza msiache kumwosha hata njiani. Dakika 20 ni ndefu sana ukiwa umeinama. Nimewapima watu kwenye mafunzo: wengi huacha kabla ya dakika ya tatu, wakiamini wamemaliza.

8. Mvue nguo zilizorukiwa, na umwoshe uso na nywele, la sivyo kemikali itarudi jichoni.

9. Baada ya hapo nendeni hospitali, hata kama anasema amepata nafuu. Beba mkebe au chupa ya kemikali ikiwa imefungwa vizuri, au piga picha ya maandishi yake kwa simu. Daktari akijua ni kitu gani, anaokoa muda.

Yasiyofaa kabisa

Asisugue jicho. Chembe za simiti ni kama mchanga. Kusugua ni kulikwaruza jicho linaloungua.

Usitie ndimu au siki ati uizime chokaa, wala magadi ati uizime asidi. Kwenye kitabu cha kemia vitu hivyo huzimana, lakini vikikutana hutoa joto, na jicho si mahali pa kufanyia jaribio.

Usitie asali, mate, mafuta, wala maziwa ya mama anayenyonyesha. Najua baadhi yetu tumelelewa na dawa hizo. Kwa kemikali hazisaidii, na kila dakika ya kuzitafuta ni dakika ambayo maji hayajafika.

Usitie dawa ya matone iliyobaki ya mtu mwingine, wala usipitie duka la dawa kwanza. Usilibane jicho kwa kitambaa kabla ya kuliosha, maana umeifungia kemikali ndani.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu maji ya kisima, kwa sababu visima vyetu vingi vina chumvi. Maji matamu na safi ndiyo bora. Lakini kama kilichopo ni maji ya kisima yaliyo safi na yenye chumvi kidogo, yatumie. Yatawasha, na hilo ni dogo kuliko kungoja maji matamu wakati kostiki inazama.

Hesabu ya mtungi

Viwango vya Marekani vya vifaa vya kuoshea macho vinataka maji yasiyopungua lita 1.5 kila dakika, kwa dakika 15, na mtu aweze kuvifikia ndani ya sekunde 10. Piga hesabu: ni lita 22.5. Mtungi mmoja wa lita 20, hata ukiwa umejaa hadi kofia, haufiki. Na kwa kuwa chokaa na kostiki zinataka muda mrefu zaidi, mitungi miwili ndiyo kiwango changu cha chini kwa mahali pasipo na mfereji wa kutegemewa.

Kifaa cha kiwandani chenye bakuli na vipua viwili ni kizuri, na hoteli au kiwanda hakina kisingizio cha kukikosa. Kwa mjengo na gereji kuna njia rahisi. Mnaikumbuka mitungi yenye mfereji iliyojaa milangoni mwa maduka wakati wa korona mwaka 2020? Mingi imelala stoo. Itoe, ioshe, iweke juu ya meza kimo cha kifua, chomeka kipande cha mpira laini kwenye mfereji wake. Andika kwa rangi kubwa: MAJI YA MACHO, USIGUSE. Iweke kivulini, kwani maji yaliyopigwa na jua la Machi yanaweza kuchoma. Hali kadhalika mpira uliolala juani, uache utoe maji ya moto kwanza. Badilisha maji kila wiki, na mkabidhi mtu mmoja jukumu hilo kwa jina lake.

Pale hospitali

Mkifika, msikae kimya kwenye foleni. Semeni mlangoni: "Ameingiwa na kemikali jichoni." Hiyo ni dharura inayotangulia maswali ya kadi. Atatiwa matone ya kufa ganzi, ataoshwa tena kwa lita kadhaa za maji ya chumvi ya hospitali, na jicho litapimwa kwa karatasi maalum inayobadilika rangi hadi ionekane kemikali imekwisha. Daktari anaweza kutia rangi inayong'aa kuonyesha sehemu iliyoungua, na kukunja kope kutafuta mabaki.

Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani ina idara ya macho, na kusini tuna Kwale Eye Centre. Kama uko mbali na zote, anzia kituo cha afya kilicho karibu waendelee kumwosha huku wakipanga kumhamisha. Na arudi kliniki kila anapoambiwa. Kovu, presha ya jicho, mtoto wa jicho na kope kugandana na jicho vinaweza kuja wiki nyingi baadaye.

Haki na wajibu

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke sanduku la huduma ya kwanza na awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, yakiwemo macho. Haimtaki mfanyakazi anunue mwenyewe. Mfanyakazi naye anatakiwa avivae. Miwani ya jua haitoshi, na ya kusomea haitoshi. Inayotakiwa ni ile inayofunga pande zote, mfano wa ya kuogelea. Ya kawaida hugharimu chini ya mfuko mmoja wa simiti.

Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, pia ya 2007, inahusu fidia ya aliyeumia akiwa kazini, na inamtaja hata mwanagenzi. Ukiumia, mwarifu mwajiri upesi, ikiwezekana kwa maandishi au ujumbe wa simu unaobaki. Tunza karatasi za hospitali na uhakikishe ajali imeripotiwa kwa idara ya usalama na afya kazini. Sheria ina muda wake, na malalamiko ya baada ya miaka miwili kijiweni hayarudishi kitu.

Lakini fidia hulipa mshahara, hailipi jicho. Kwa hiyo ninawaomba mafundi wakuu, wenye saluni, wenye gereji na mama zangu wa sabuni: kesho asubuhi, kabla hamjafungua gunia wala mkebe wa kwanza, jazeni mitungi miwili muiweke mahali ambapo mtu asiyeona anaweza kuongozwa kwa hatua chache. Kisha mwambieni kila mmoja, kuanzia kibarua aliyekuja leo, kwamba hahitaji ruhusa ya mtu yeyote kuyatumia.